Kwa Mama Mukwe, Juu ya Jino la Padri

Mama mukwe wangu mpendwa,

Usikimbie. Ni karatasi tu. Kaa ulivyozoea, mgongo kwangu na uso ukutani, na mimi nitazungumza na kisogo chako kama zamani. Kitu kimoja tu kimebadilika: leo hakuna kuku katikati yetu.

Unajua mimi nilifika darasa la tano tu, mapadri wakanifukuza kwa sababu nilicheka wakati wa sala. Basi ukikuta kosa katika barua hii, walaumu wao. Binti yako Julienne amekaa hapa pembeni, anachambua matembele, na tangu asubuhi ananiuliza ninamwandikia nani. Nimemwambia ninamwandikia mwanamke. Akasema, "Na uzee yote ile?" Nikamwambia ni mwanamke ambaye sikumwona uso hata siku moja. Akaacha matembele. Sasa anajua, na ameanza kukohoa kile kikohozi chake cha kuficha machozi.

Watoto wa leo wakisikia habari zetu wanacheka. Leo mukwe anaingia kwa mama mukwe wake, anafungua frigo, anachukua bia bila kuuliza, halafu wanapiga picha pamoja, meno yote nje. Sisi? Siku nilipomuoa Julienne, uso wako ulifungwa kwangu kama duka siku ya Mungu. Tukikutana njiani, mmoja wetu aingie kwenye majani. Kukutaja jina, hapana. Kula mbele yako, hapana. Kukupa mkono, Mungu wangu, afadhali nishike waya wa umeme! Mpaka ifike siku ya kuingizwa: shangazi yangu ananileta, wewe umepika, unageuka, unanipa chakula kwa mkono wako mwenyewe, na kuanzia hapo ninakuwa mtoto wa nyumba. Kabla ya siku ile sikuwa na jina mdomoni mwako. Nilikuwa "ule muntu".

Kama ungebaki mbali, ingekuwa rahisi. Lakini baba mukwe alipokufa, nyumba ya kazi ya reli ikarudi kwa wenyewe, na wewe ukaja kuishi kwetu, kile chumba cha nyuma ya jiko. Wazee walikunja midomo: mukwe na mama mukwe parsele moja, ua mmoja? Lakini walikuwa na chumba kingine cha kukupa? Hawakuwa nacho. Ulikuja na sanduku, na yule kuku wako mwenye shingo bila manyoya, na Padri akiwa juu ya kamio, lori la mizigo, amefungwa kamba kama mwizi.

Mtu asiyemjua Padri atashangaa. Padri alikuwa pikipiki ya Ubelgiji, nyeusi, mzee hata wakati ule. Baba mukwe alimnunua kwa padri wa Mitwaba aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, akampa jina lile kwa sababu alikohoa sana kabla ya kusema neno, na akishaanza kusema hanyamazi. Mkono wa kubadilisha vitesi, zile gia, haukuwa chini mguuni. Ulikuwa juu, ubavuni mwa tangi, upande wa kuume. Na vidole viwili vya mkono wa kuume wa bwana yako vilibaki zamani kati ya behewa na behewa. Gesi ya kuongeza mwendo aliweza kuizungusha, lakini ule mkono wa vitesi ulimteleza. Basi wewe uliyekaa nyuma ulipitisha mkono kiunoni mwake, yeye anapiga kelele "Mbili!", na wewe unasukuma. Jumamosi, salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, ikiisha, watu wakiwa bado na majembe yao ya kufagia taifa, mlipita kwenda shamba lenu la Kasungami: yeye na usukani, wewe na vitesi. Mimi nilikuwa kijana bado, ninamvizia Julienne, na niliwaona kwa nyuma, mkiisha kupita. Nilisema moyoni, hii ni dereva mmoja mwenye vichwa viwili. Nilitaka na mimi siku moja niwe nusu ya kitu kama kile.

Baada ya msiba Padri alisimama uani, kuku wakataga chini yake. Halafu siku moja Julienne akaniambia, "Mama anasema Padri atengenezwe. Anataka kuenda Kasungami."

"Kamio za Kasungami ziko."

"Anataka kuenda na Padri. Anataka kupiga vitesi."

Nikacheka. "Na atakaa nyuma ya nani?"

Julienne aliniangalia bila kucheka. Katika parsele yetu aliyejua kuendesha pikipiki alikuwa mmoja.

Ndivyo mambo yalivyojipanga, mama. Kwanza Padri apone. Halafu niingizwe, ili mkono wako uruhusiwe kupita kiunoni mwangu bila wazee kuzimia. Halafu tupande. Hilo lilikuwa ombi lako la pekee, hukuomba kitu kingine katika nyumba yangu, hata chumvi.

Siku nilipomwasha, alikohoa, akasema. Vitesi ya kwanza, vizuri. Ya pili: ko… ko… ko… Majirani wakaja, kila mmoja daktari. Wote wakasema cheni. Mimi nilikuwa mtu wa atelie, karakana ya kumpani, watu wa shaba, mikono yangu ilishika mashine kubwa kuliko kanisa, na mimi nikasema cheni. Wewe ulikuwa mlangoni, mgongo kwetu, unamenya karanga. Julienne akaja.

"Mama anasema haiko cheni."

"Nimesikia."

"Hauwezi kusikia mbele mi sijasema!"

"Basi sikusikia. Sema tena."

"Mama anasema haiko cheni."

"Mwambie mama cheni imelegea kama kanzu ya padri mwenyewe."

Mgongo wako ulitetemeka kidogo. Siku ile ndiyo niliyogundua kwamba unacheka kwa mabega. Nilibadilisha cheni. Nikawasha. Vitesi ya pili: ko… ko… ko… Mabega yakatetemeka zaidi.

Kesho yake Julienne alikuwa sokoni. Hapakuwa na mtu wa kubeba maneno kati yetu, na kuniambia moja kwa moja hukuweza. Nilikuwa nimeinamia motere, nikasikia sauti nyuma yangu, sauti ya mtu anayezungumza na mnyama.

"Kuku, ambia ule muntu: ile makelele inatoka mu vitesi ya mbili. Inauma mara moja, inanyamaza, inauma tena. Cheni ingelia kila saa."

Nilimtazama kuku. Kuku akanitazama. Nikamwambia, "Kuku, ambia ule mama: mekanisie ni nani hapa?"

"Kuku, mekanisie ni ule mwenye alibadirisha cheni muzima, akaacha jino mugonjwa."

Mama! Nilikaa chini. Nilicheka mpaka spana ikanitoka. Na kuanzia siku ile, kila Julienne alipotoka, tulimuua yule kuku kwa kazi. Alikuwa kuku mwenye siri nyingi kuliko mtu wa usalama.

Nikamwaga mafuta ya buati, kile kisanduku cha vitesi, kwenye beseni. Yalikuwa meusi, na ndani yake vumbi linang'aa. Likaonekana la njano, na mimi nikafurahi: shaba! Basi ni bushi, ile pete ya ndani, imelika, kazi ndogo. Ndilo kosa letu sisi watu wa Lubumbashi, tukiona kitu kinang'aa lazima kiwe shaba. Tumelala juu yake, tunaipumua kwenye moshi wa bomba kubwa la kiwanda, tunaiota.

"Kuku, ambia ule muntu: bwana yangu alikuwa anapitisha sumaku kwanza."

Nikatoa sumaku kwenye redio mbovu, ile iliyokuwa inatuimbia sifa za chama kutwa nzima (ilikufa kifo cha haki). Nikaizungusha ndani ya beseni. Vumbi la njano likabaki chini, sumaku haikulijali. Lakini ikapanda na kipande cheusi, kigumu, chenye ncha. Nikakisafisha kwenye suruali. Kilikuwa kichwa cha jino la chuma, kidogo kama jino la maziwa la mtoto. Nilipofungua buati nikalikuta lile gurudumu la meno, wenyewe wanaita pinyo, ya vitesi ya pili, na pengo lake katikati, linacheka kama mzee.

Nilimwambia kuku, na nilijua ninakanyaga mahali pa hatari: "Kuku, ambia ule mama, jino lilivunjwa na uzito wa mtu wa nyuma."

 Nikafikiri nimeharibu. Halafu ukasema polepole, "Kuku, ambia ule muntu: bwana yangu alinibeba miaka yote. Kile kilima ya Kasungami, na mihogo juu. Hakusema nzito."



Pinyo mpya hatukuipata. Duka la vipuri mjini lilikuwa limechukuliwa kwa Mgiriki likapewa mkubwa mmoja wa chama, na mkubwa aliuza vyote vilivyokuwa ndani, akauza na mbao za kuwekea, halafu akakaa mlangoni na abacost yake, ile suti ya chama bila tai, anangojea wateja. "Sitwayen," aliniambia, ndivyo raia tulivyoitwana, "pikipiki ya wakoloni ya nini?" Nikamwambia ni ya mama mukwe wangu. Akasema hiyo ni mbaya zaidi.

Basi nikaamua kutengeneza jino. Na unakumbuka nililitengeneza na nini? Shaba nyekundu, safi, kipande kilichonifuata chenyewe kutoka atelie mpaka nyumbani. Nilikuwa na majivuno! Nilisema babu zetu waliyeyusha shaba kabla hajaja mzungu hata mmoja, jino moja litanishinda? Nikalipiga, nikalipigilia, nikaling'arisha likawaka kama kikombe cha misa. Nikafunga buati, nikawasha, nikaingiza ya pili, nikaachia ambreyaje, ule mkono wa klachi. Jino likalala chini kama mlevi. Halikuvunjika, mama, lililala tu, kwa adabu.

"Kuku," ulisema, na mabega yako hayakuweza kusimama, "bantu ba Lubumbashi, kila kintu ni shaba. Hata akili yabo."

Nikaanza upya, kwa unyenyekevu. Mahali pa pengo nikatoboa matundu madogo, nikapigilia ndani vijiti vya chuma kigumu, vikasimama kama nguzo. Halafu pale atelie, saa ya kula, nikayeyushia shaba ya njano juu yake na moto wa kulehemu, mpaka pakawa na kilima kibaya kama donda. Ndani ya kilima kile ndiko jino lilikojificha. Kazi iliyobaki ilikuwa ya tupa, kulikwangua kidogokidogo mpaka lifanane na jirani zake.

Nilipaka meno moshi wa koroboi, nikazungusha pinyo mbili kwa mkono, moja juu ya nyingine, nione moshi umefutika wapi. Lakini macho yangu hayakutosha, na hapo ndipo tulipofanya kazi yetu nzuri kuliko zote. Mimi uani, wewe mlangoni, mgongo kwangu. Ninazungusha. Unasikiliza.

"Kuku, bado."

Ninapiga tupa kidogo. Ninazungusha.

"Bado. Inauma ku mwisho."

Ninapiga tena. Julienne alikuwa anapita na ndoo, akatukuta, akasimama akatuangalia, mama yake na bwana yake na kuku mmoja, akatikisa kichwa, akaenda zake. Hakusema hata kwamba ni mwiko. Ninafikiri alifurahi.

"Bado."

Halafu nikazungusha, na hukusema kitu. Nikazungusha tena. Kimya. Nikaelewa. Kunyamaza kwako ndiko kulikuwa kipimo, hakuna atelie ya kumpani iliyokuwa na kipimo kama kile.

Na sasa ninafika mahali ambapo mkono wangu unakataa kuandika, na si kwa sababu ya darasa la tano.

Siku ile tuliyomwasha. Nilimpandisha Padri juu ya kreti ya bia, gurudumu la nyuma hewani. Akakohoa, akasema. Ya kwanza, sawa. Nikapiga kelele, sijui kwa nini, "Mbili!" Nikasukuma. Na Padri akaimba, mama. Hakuna ko, hakuna kitu, sauti moja ndefu na laini, kama ile ya Jumamosi zenu. Na wewe ukasahau. Nilisikia karanga zinamwagika. Kwa pembe ya jicho nikaona kitenge kinazunguka, na nikaelewa kwamba unageuka, unageuka mwili wote, na uso wako unakuja.

Mimi mjinga nikafunika uso wangu na kitambaa cha mafuta.

Ndivyo nilivyofundishwa. Mukwe mwenye heshima anajificha. Nilisimama vile, pua imejaa mafuta ya motere, nikakusikia ukicheka kwa mdomo, si kwa mabega, mara ya kwanza na ya mwisho. Ulicheka kama msichana. Halafu ukakumbuka, ukapiga kelele ndogo, na nilipotoa kitambaa ulikuwa mgongo tena. Julienne aliona vyote kutoka dirishani. Usiku ule aliniambia, "Mama alikuangalia." Nikamuuliza, alikuwa na uso gani? Akasema, "Ulikuwa hapo, nikuambie nini?"

Mimi ambaye nilicheka kanisani, niliyemtania mkubwa wa chama, niliyekojoa mara moja nyuma ya ofisi ya kumpani mchana kweupe. Desturi zote nilizivunja. Ile moja niliishika.

Nilijiambia haraka ya nini? Kuingizwa kunakuja. Lakini shangazi yangu wa Mokambo ndiye aliyepaswa kunileta mlangoni kwako, na shangazi alikuwa na sabuni zake na sukari zake za kuvusha mpaka. Kila akituma neno, anasema nimalize safari hii tu. Halafu mimi nikataka abacost mpya, nisiingie kama fundi. Fundi nguo akalewa. Halafu wewe mwenyewe ulimwambia kuku kwamba hutapika na unga wa sokoni, tungoje mahindi mapya ya Kasungami. Tukangoja. Padri alikuwa tayari. Kila Jumamosi nilimwasha kidogo, nikaingiza ya pili, wewe mlangoni ukasikiliza, ukanyamaza, nikamzima. Tulifikiri tuna Jumamosi nyingi.

Mvua ilikuwa haijaisha homa ilipokushika. Julienne alikupelekea chakula hospitali, akarudi na sahani bado imefungwa kitambaa.  Niliichukua ile sahani mkononi mwake, ilikuwa ya moto.

Kwenye matanga yako shangazi yangu alikuja. Siku ile mpaka haukumshinda! Alinishika mkono, akanipeleka mpaka mlangoni pa chumba ulipolazwa, akasema, "Ingia umuone. Sasa ukwe umeisha." Ndivyo nilivyoingizwa, mama. Hakukuwa na kuku wa kuchemsha, hakukuwa na ugali. Niliingia, wanawake wakaacha kulia wanitazame. Na mimi nikatazama miguu yako. Visigino vyako nilivijua, kile cha kushoto chenye ufa. Nilivitazama mpaka shangazi akanitoa. Juu zaidi macho yalikataa kupanda. Miaka imepita na bado ninayagombeza.

Tulikuzika upande wa Kasungami, karibu na bwana yako. Wewe ulikwenda na kamio, na watu wote na nyimbo zote. Mimi nilikuja nyuma na Padri, kiti cha nyuma kitupu. Wengine walisema huyu mukwe hana haya, anapiga makelele kwenye maziko. Wacha waseme. Tulipofika chini ya kile kilima, nikapiga kelele "Mbili!" Peke yangu, kama mwendawazimu. Nikangoja kidogo. Hakuna mkono uliopita kiunoni. Nikasukuma mwenyewe. Jino likashika, likapanda kilima chote, zuri, halikulia hata mara moja. Nikasikiliza kama utasema "bado". Ulinyamaza. Zamani nilijua kunyamaza kwako kunataka kusema nini.

Padri yuko hapa bado. Wajukuu wako wanasema tumuuze kwa wazungu wanaopenda vitu vya kutu. Ninawaambia wauze kwanza babu yao, ana kutu zaidi. Motere haiwaki tena, lakini siku fulani ninafungua buati, ninaipaka mafuta, ninaligusa lile jino la njano kati ya meno meusi. Halijalegea. Lingekubeba. Hilo ndilo linaloniuma, mama: lingekubeba vizuri kabisa, na mihogo juu.

Julienne amesoma juu ya bega langu, mwizi yule. Anasema nikuambie matembele ya mwaka huu ni mazuri. Nikamuuliza tena, baada ya miaka hii yote, ule uso ulikuwa namna gani? Ameniangalia sana. Amesema, "Kama wangu sasa." Halafu akageuka, akarudi jikoni.

Basi lala vizuri. Mimi siko mbali, magoti yangu yananiambia. Nikifika huko sitabisha hodi kama mukwe. Nitasimama uani na kupiga kelele "Mbili!", na wewe utajua ni nani. Acha karanga zimwagike. Geuka tena vile, mwili wote.

Safari hii sina kitambaa mkononi.

Ni mimi,
ule muntu,
bwana ya Julienne